Filamu Zisizo na Pesa ya Shetani

Mjukuu wangu wa kike anakusanya filamu za kutisha, na mwaka huu nusura zimkoseshe mume. Si zile filamu kubwa zenye majoka na ndoo za damu. Yeye anatafuta zile ambazo hata mwenye kibanda cha video alikuwa anazirudisha alikozinunua: watu wawili au watatu ndani ya nyumba moja, kamera ya kuazima, hakuna mchezaji anayejulikana, na kile kinachokutisha hukioni mpaka mwisho. Wakati mwingine hata mwisho wenyewe huuoni. Amezipanga katika masanduku ya bati chini ya kitanda changu, kwa sababu chini ya kitanda chake panaingia maji. Majirani wananiuliza kama siogopi kulala juu ya mashetani. Nawaambia nimeshalala fasi mbaya kuliko hiyo, na bila godoro.

Naandika haya kwa majivuno, sifichi. Kwetu Kivu ya Kusini msichana wa wakati wangu alisoma mpaka mgongo wake ukaweza kubeba kikapu cha muhogo, basi, shule ikaisha. Kuandika nilijifunzia kanisani, kwa kunakili nyimbo za kwaya. Kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Lakini mtu mwenye akili namjua nikimwona. Mtoto huyu nilimleta mgongoni mpaka hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, nikamlea kwa maharage na makofi, akatoka vile alivyotoka, na sitaki kubadilishiwa.

Ngoja nieleze anakozitoa hizo filamu, maana hapo ndipo shida ilipoanzia.

Zamani kidogo, hapa kambini kila pembe palikuwa na kibanda cha video. Kuta za matope, mabenchi ya kuchubua makalio, tele moja, na mkalimani mwenye maikrofoni anayewaambia watu kwa Kiswahili wanachosema Wazungu na Wachina. Halafu simu zikaja na vile vikadi vidogo vya kuwekea filamu, kila kijana akawa na kibanda chake mfukoni. Vibanda vikafa, sidii zikabaki magunia kwa magunia. Lakini mkimbizi hatupi kitu. Sidii ina tundu katikati tayari, kana kwamba iliumbwa kwa ajili ya kamba. Wakulima wakazitunga na kuzitundika shambani juu ya mtama. Upepo ukipuliza sidii inazunguka, jua linapiga pale, mwanga unaruka kama kisu, na ndege anakwenda kula kwa jirani. Ukipita Rugaaga, au huku kwetu upande wa Rubondo, wakati mtama umeshika punje, unaona shamba zima linakukonyeza.

Wewe unaona shamba. Mjukuu wangu anaona duka. Anatembea na mfuko wa sidii za mahubiri na za muziki zilizokwisha kuharibika. Anaomba ruhusa kwa mwenye shamba, anaingia, anafungua moja kwenye kamba, anaipulizia pumzi, anaifuta kwa kitenge, anaielekeza juani na kusoma maneno yaliyoandikwa juu yake kwa kalamu. Mara nyingi ni filamu ya ngumi, anairudisha. Akikuta ya kwake, anaitia mfukoni na kutundika nyingine palepale. Ndege hajui tofauti. Endiinzi haendi kabisa. Kule ni ng'ombe tu, na ng'ombe haogopi sidii.

Mimi mwenyewe mwanzoni niliona ni upumbavu. Msichana mkubwa, anajua kushona, anajua Kifaransa na Kiingereza, anarudi nyumbani na miguu ya matope kwa ajili ya kitu ambacho mtu amekitupa kwa ndege. Nilimwambia hivyo, mara nyingi, na kwa sauti. Yeye alikuwa anacheka tu. Kilichonibadilisha ni safari ya Mbarara.

Nilikuwa nakwenda mjini kununua vitenge vya kuuza, yeye akaomba tupitie Ruti, kwenye barabara ya Kabale, amwone mzee mmoja ambaye walikuwa wanazungumza kwa simu habari za filamu. Nikasema twende wote. Sikumlea msichana ili akaone wazee wa simu peke yake.

Tukamkuta fundi wa redio, Mnyankole mwenye mvi, aliyekuwa askari zamani. Kiswahili chake ni kile cha jeshini, kinatembea kwa buti. Nyuma ya duka ana chumba, na chumba hicho, watu wangu, kimejaa filamu kutoka sakafuni mpaka kwenye bati. Kanda za zamani zile pana, sidii, vitu vingine hata sijui jina lake. Zote za namna ileile. Hakuna hata moja ambayo wewe na mimi tumewahi kuisikia. Akaniambia kuna watu Kampala, Nairobi, mpaka Ulaya, ambao wanamwandikia kumwuliza kama ameona filamu fulani iliyopigwa na watu wanne katika nyumba ya shangazi yao, wakaitoa mara moja, ikapotea. Mjukuu wangu akamkabidhi sidii aliyoitoa Rugaaga. Mzee akaipokea kwa mikono miwili na kuisogeza dirishani. Nilimwona mdomo unamtetemeka kwa furaha. Mtu mzima.

Nikamwuliza bila kuzunguka hii takataka inampa nini. Hakukasirika. Alinivutia kiti akasema:

"Mama, wewe kaa. Filamu ya pesa mingi inanunua shetani yake, inaleta, wewe unaona, mambo kwisha. Hii hapana na pesa ya shetani. Sasa inangojea wewe unakuja na yako."

Akaweka moja. Mwanamume anakaa peke yake katika chumba. Kuna kiti kimoja. Kila asubuhi kiti kile kimesogea kidogo kuelekea dirishani. Basi. Hicho ndicho kisa. Nilicheka. Nikauliza kama huyu mtu hana kazi za kufanya. Wakanisubiri wote wawili, kama mtu anavyosubiri dawa ishike. Na kweli ikashika. Sijui saa ngapi nilianza kutazama kile kiti badala ya kumtazama mtu. Halafu nikaanza kutazama kiti nilichokalia mimi. Ilipokwisha nilikuta nimekunja miguu juu kama msichana anayeogopa panya, na mzee wa Ruti anaangalia pembeni kwa adabu asinione.

Nikafikiri sana njiani kurudi. Kwetu, mpishi mbaya anamimina mawese. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiogelea katika mawese kila mtu anasifu, hakuna anayejua kama majani yametwangwa vizuri. Lakini mpe mwanamke majani, chumvi, na maji tu, halafu uone. Hapo ndipo mpishi anaonekana. Wale watu wa filamu za mfuko mtupu wanapika bila mawese. Hawana pa kujificha. Ndiyo maana wenye ulimi wanazitafuta hata katika mashamba ya mtama.

Kuna jambo lingine pia, na hili sikumwambia mtu siku ile. Filamu kubwa ikitaka kukuonyesha hatari inaleta bunduki na moto. Mimi siku tuliyokimbia sikuona bunduki. Nilikuwa mtoni, na vyura walinyamaza. Wote kwa mara moja. Nikaacha nguo majini nikakimbilia mtoto. Watu waliotengeneza ile filamu ya kiti, sijui ni wa nchi gani, sijui wamekula nini maishani mwao, lakini wanajua habari ya vyura. Nikawaheshimu tangu siku hiyo.

Nikawa naangalia na mjukuu wangu mchana, tukiwa na moto wa sola wa kutosha. Akanifundisha kuona. Akanionyesha fasi ambapo mlango unajifungua wenyewe, na ukitazama vizuri chini unaona ncha za vidole vya mtu anayeusukuma. Mimi nilisema basi wameharibu. Yeye akasema hapana, koko, maana ndivyo anavyoniita bibi yake, hiyo ndiyo tamu. Yule ni mwenye filamu mwenyewe, hakuwa na mtu mwingine wa kusukuma mlango. Yeye na mzee wa Ruti wanavijua vidole vile, wameviona katika filamu nyingine mbili, vinamwaga maji, vinazima taa. Wanabishana kwenye simu kama kidole kidogo kiliwahi kuvunjika. Ukifikiri ni wazimu, fikiri tena. Mtu fulani, katika nchi ya mbali, hakuwa na kitu, akatumia vidole vyake. Na msichana mmoja wa Nakivale anavijua. Mimi sioni wazimu hapo.

Sasa nije kwa mume.

Upande wa Rubondo kuna mama mmoja Mrundi, Mkatoliki wa kweli, mjane, mkulima hodari. Mtama wake unasimama kuliko wa watu wote, na pombe yake ya mtama wanaume wanaifuata kwa miguu. Ana mtoto wa kiume mmoja, fundi wa baiskeli, kijana mpole. Siku moja mjukuu wangu alifika pale na mfuko wake, akamkuta kijana, akaomba ruhusa. Kijana akampa ruhusa, nadhani angempa na shamba. Wakati ule mama yake alikuwa kisimani na hakuna aliyemwambia kitu.

Mama yule aliporudi aliona nini? Aliona msichana asiyemjua, Mkongomani, amesimama katikati ya mtama wake. Amefungua kitu kwenye kamba. Anakipulizia pumzi. Anakiinua juani. Midomo inacheza. Anakitia mfukoni, anatoa kingine, anakifunga palepale.

Nawauliza ninyi mnaolima: huyo anafanya nini?

Hata mimi ningesema vilevile. Kwetu na kwao wanajulikana watu wanaovuna bila kulima. Mchawi wa mavuno hachukui gunia. Anachukua kitu kidogo shambani mwako na kuacha kingine mahali pake, halafu nguvu ya shamba inamfuata nyumbani. Na kwa bahati mbaya msimu huo mvua ilikatika mapema, mtama wa yule mama ukatoka mwembamba. Akaunganisha. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Aliweka moyoni.

Kijana na mjukuu wangu wao waliendelea na yao. Baiskeli ya nani ilikuwa mbovu kila juma sijui, sisi baiskeli hatuna. Mwisho kijana akamwambia mama yake anataka kuoa, akamtaja msichana. Mama akauliza, yule? Yule wa mtama? Kijana akacheka na kueleza habari za sidii. Akafikiri anasaidia. Akasema si uchawi, mama, ni filamu tu za mashetani, ana masanduku yake chini ya kitanda cha nyanya yake.

Wanaume. Anatoa mwiba mguuni anautia jichoni.

Jibu likaja kupitia baba mdogo wa kijana, mwanamume mrefu mwenye kofia, aliyekaa kwangu akazunguka maneno mpaka chai ikapoa. Kiini chake kilikuwa kimoja. Mama hamkatai msichana kwa kuwa Mkongomani, wala kwa kanisa lake, wala kwa umaskini, maana sisi sote hapa tunakula posho moja. Lakini nyumba ambayo wajukuu wake watalala haitalala na vitu vile. Msichana achague.

Mjukuu wangu hakuacha kazi siku hiyo. Kushona alishona, kupika alipika, lakini nilisikia kichwa chake kinavyogonga. Jioni akaja karibu nami akasema:

"Koko, nitazipeleka zote kwa mzee wa Ruti. Atazitunza."

"Na wewe utatunzwa na nani?"

"Ni bintu tu, koko."

"Kama ni vitu tu mbona unalia?"

Nikamwambia asisogeze sanduku hata moja. Mwanamke akimwaga nusu yake mlangoni ili apite, watamkuta mwembamba, na kesho watamwambia amwage nyingine. Nililiona hilo kwa dada zangu. Halafu nikamtuma kijana kwa mama yake na maneno haya: mimi bibi wa msichana namwita kwangu kunywa chai, si ya uchumba, ni chai ya wazee, na nitamwonyesha mwenyewe hicho anachokikataa, maana hata mahakamani mshtakiwa anasimama aonekane. Nilijua atakuja. Mwito wa mtu mzima haukataliwi hivihivi. Na tena, niseme ukweli, mtu anayechukia kitu hivyo anatamani sana kukiona.

Akaja siku ya Jumamosi baada ya kula, amevaa vizuri, rozari shingoni, na baba mdogo nyuma yake kama mlinzi. Kijana tulimwambia abaki kwake. Tulikuwa tumeziba dirisha kwa blanketi, tele iko juu ya meza, batri imejaa. Mama yule akatazama giza lile mchana kweupe, akatazama blanketi, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

Mjukuu wangu akapiga goti kumpa chai kwa mikono miwili. Halafu akatoa sidii kwenye karatasi. Alikuwa ameihifadhi pamoja na kipande cha kamba ya mgomba kilichokuwa katika tundu lake, fundo bado lipo, hakuwahi kukitupa.

"Mama," akamwambia, "hii ndiyo ile niliyoifungua kwako. Niliomba kwa mtoto wako, sikuomba kwako, na shamba ni lako. Nisamehe kwa hilo."

Mama yule akaitazama ile kamba. Fundo lilikuwa lake, mtu anajua fundo lake.

"Haya," akasema. "Weka, nione nilichokuwa nacho."

Filamu ile hakuna mtu anayejua lugha yake. Si Kifaransa, si Kiingereza. Mzee wa Ruti anadhani ni ya nchi fulani ya baridi. Mjukuu wangu ameiona mara nyingi mpaka anawasoma nyuso. Akasimama kando ya tele kama wale wakalimani wa zamani, mikono nyuma, akaanza kutusemea. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilimwona ananitazama nikamkazia macho: semesha.

Ni mwanamke wa makamo. Anaishi peke yake katika nyumba ya mbao nje ya mji. Kila akiamka anakuta uani kumefagiwa. Majani yamekusanywa pembeni, mistari ya ufagio iko mchangani, safi. Anatoka kumtafuta anayefagia, hakuna mtu.

Mama yule alianza kumshambulia mara moja. Mwanamke gani anaishi peke yake bila hata kuku? Majirani wako wapi? Mbona hapiki? Mtu akikufagilia uani bure unashukuru, unalala tena. Baba mdogo akacheka kwa nguvu kuliko mzaha ulivyostahili. Mjukuu wangu hakutetereka. Aliyachukua maneno yale na kuyatia katika kinywa cha mwanamke wa filamu. Akamfanya aseme, "Ningekuwa na kuku ningejua ni saa ngapi anakuja." Mama wa kijana akageuka kumtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama usoni.

Yule mwanamke akaficha ufagio. Asubuhi kumefagiwa. Akauchoma. Asubuhi kumefagiwa. Hakuna muziki, hakuna damu, ni uani tu na mistari yake. Akamwaga majivu mlangoni aone nyayo. Asubuhi akafungua mlango, kamera ikamwangalia uso, haikuonyesha chini. Uso tu. Mjukuu wangu naye akanyamaza, hakutusemea kitu, na ukimya wake ulikuwa umetwangwa vizuri kuliko maneno yote. Baba mdogo akainuka akasema anakwenda kuangalia kama mvua inakuja. Mbinguni hapakuwa na wingu. Alitoka na kofia yake, akakaa nje juani.

Mama wa kijana alikuwa ameegemea kiti sasa. Halafu hakuegemea tena, alikuwa amesogea mbele, na mkono wake ulikuwa umeshika kitenge changu hapa pajani. Sidhani alijua. Sikuutoa.

Mwanamke wa filamu akaamua kukaa macho. Akaketi nyuma ya dirisha, akangoja. Kukaanza kupambazuka. Ukasikika ufagio, shwaa, shwaa, nje. Akainuka. Akakamata pazia. Akaanza kulivuta.

Picha ikaganda. Uso wa mwanamke ukawa vipande vya miraba, tele ikanguruma kidogo, ikawa nyeusi.

"Endesha," mama yule akasema.

"Imeishia hapo, mama."

"Imeishaje? Anavuta pazia."

"Mwisho wa filamu unakaa pembeni mwa sidii, kwenye ukingo. Na ukingo jua limeula."

"Jua gani?"

Mjukuu wangu alishusha macho, lakini huyu ni damu yangu, hakuweza kujizuia.

"La shambani kwako, mama."

Nilishikilia kikombe nisicheke. Mama yule akamtazama, akaitazama tele nyeusi, akauliza kama hakuna nyingine popote. Akajibiwa kuwa mzee wa Ruti ameuliza Kampala, ameuliza Nairobi, ameuliza ng'ambo. Kuna watu wamesikia habari zake, lakini hakuna aliye nayo. Ile ya kwenye mtama wake ndiyo pekee inayojulikana. Niliona jambo hilo linamwingia polepole. Misimu mingapi kitu kile kilikuwa kinazunguka juu ya kichwa chake akipalilia, na ndani yake mwanamke yule anangoja nyuma ya dirisha.

"Kumbe ulikuwa unamtafuta huyu," akamwambia mjukuu wangu.

"Ndiyo, mama."

Halafu akasema, si kwa msichana wala si kwangu, akiitazama tele:

"Ni yeye mwenyewe anayefagia."

Tukangoja.

"Mwaka wetu wa kwanza hapa," akasema, "nilikuwa nakuta sahani imewekwa chini, karibu na mlango. Sahani ya marehemu mume wangu, pale alipokuwa anapenda kula. Nikafikiri ni watoto wananifanyia mzaha. Nikawapiga. Siku moja mtoto wangu huyu, alikuwa mdogo, akaniambia, mama, ni wewe unaiweka. Unaamka, unaiweka, unalala tena." Akashika rozari yake lakini hakuisali. "Huyo mwanamke alikuwa na mtu aliyekuwa akimfagilia. Amekufa. Sasa anafagia yeye na hajui. Waliotengeneza hii si washenzi. Wanajua."

Mjukuu wangu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Baadaye aliniambia kwamba amezungumza habari ya ule mwisho na wakusanyaji wenzake miaka miwili, watu waliosoma, wenye kompyuta, na hakuna aliyewahi kufikiri hivyo. Lakini wakati ule alikuwa anamtazama mama mkwe wake mtarajiwa kama mzee wa Ruti alivyotazama ile sidii.

Mimi nilipaswa kunyamaza, najua. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Lakini nina mdomo, na sikukubaliana naye.

"Mama, nakuheshimu," nikasema, "lakini hapana. Ufagio aliuchoma. Yeye anafagia na nini? Huyo ni marehemu mwenyewe amerudi kumfanyia kazi."

"Marehemu anafagia?"

"Kama alikuwa mwanamume mzuri, ndiyo."

"Wewe ulimwona wapi mwanamume, mzima au mfu, anashika ufagio?"

Hapo alinishika. Lakini sikukubali, nikamrudisha kwenye majivu ya mlangoni. Kama nyayo zingekuwa zake mwenyewe, mbona ashtuke vile? Akasema ndiyo sababu ya kushtuka, umeona miguu yako mwenyewe. Nikasema miguu yako unaijua, huishtukii. Akamwomba mjukuu wangu arudishe ile fasi ya majivu tuone uso tena. Akairudisha. Tukaitazama, kila mmoja akaona cha kwake. Akaomba irudishwe tena. Msichana akawa anarudisha, sisi tunabishana juu ya kichwa chake, chai imekuwa baridi na hakuna aliyejali.

Mlango ukafunguka kidogo. Baba mdogo akaingiza kofia kwanza, halafu uso. Alikuwa amekaa juani mchana wote na alihitaji jibu la kupeleka nyumbani.

"Jua linashuka," akasema. "Mmepatana?"

"Hatujapatana," mama wa kijana akajibu bila kugeuka. "Huyu anasema ni marehemu."

"Marehemu gani? Mimi nauliza ya watoto."

"Aa, hiyo." Akapunga mkono kama anayefukuza inzi. "Hiyo imekwisha, wataoana. Ingia, ukae, utazame huu uso utuambie."

Akaingia, akakaa. Karibu na mlango.